Chura wa Manyunyu

Kusini ya Mikumi na mto Ruaha imesimama milima ya Udzungwa. Huko mto Kihansi huanguka korongoni kwa kishindo, na maji yake hurusha manyunyu mchana na usiku. Katika manyunyu hayo, mwaka 1996, alionekana chura wa manjano ambaye urefu wake haufiki sentimeta 3. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio vyura kamili; wala hakupata kuonekana porini mahali pengine po pote duniani.

Mwaka 2000 maji yaligeuzwa yazungushe mitambo ya umeme. Manyunyu yakapungua, makao ya chura yakakauka. Wataalamu wakachukua vyura wapata 500, wakawapeleka Marekani kutunzwa. Korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji. Lakini maradhi ya ngozi yakaonekana kati ya waliosalia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka 2012 wazao wa wale waliosafiri wakaanza kurudishwa Kihansi.

Basi fahamuni, wanafunzi: umeme ni kitu chema, lakini atakaye kuyageuza maji ya mto, na aangalie kwanza ni nani aishiye kwayo.