Bonasi ya Kujisajili Kasino: Anayetangaza Anabaki na Nini?

Kijana wa Lubumbashi mwenye simu na makundi machache ya WhatsApp anaweza leo kupata namba ya promo ya kasino ya mtandaoni bila kutoa hata franka moja. Anaahidiwa kamisheni kwa kila atakayejisajili kwa namba hiyo. Chambo anachopewa kinajulikana: mteja mpya akiweka dola 10, anaongezewa dola 10 za bonasi.

Kama unafikiria kuanza kazi hii mwezi huu, jibu fupi ni hili: bonasi inavuta watu, lakini kukulipa au kutokulipa kunategemea mkataba wako. Pima kwanza, kwa sababu mega za intaneti unanunua wewe, na jina linalochafuka mtaani ni lako.

Malipo ya mara moja kwa kila mteja

Hapa kampuni inakulipa kiasi kimoja kwa kila mteja mpya aliyeweka pesa na kuzicheza. Tuseme ni dola 15 kwa kichwa. Kwa mkataba huu bonasi inakusaidia kweli, maana kazi yako ni kumfikisha mtu kwenye kuweka pesa mara ya kwanza, na bonasi ndiyo inayomshawishi.

Uangalie masharti matatu. La kwanza ni kiwango cha chini: mteja akiweka dola 5 na mkataba unataka 10, hupati kitu. La pili ni idadi: mikataba mingine hailipi mpaka ufikishe wateja kadhaa kwa mwezi. La tatu ndilo linalowaumiza wengi wetu: akaunti mbili kwenye simu moja au intaneti moja huhesabiwa udanganyifu na kufutwa. Katika nyumba ya Katuba au Ruashi ambako kaka, dada na binamu wanatumia simu moja, wateja watatu uliowatafuta wiki nzima wanaweza kuhesabiwa mmoja, au wasihesabiwe kabisa.

Usijaribu kuwawekea marafiki pesa zako ili ufikishe idadi. Kampuni ikigundua, inafunga akaunti na kamisheni yote inapotea.

Mgawo wa hasara ya mchezaji

Mkataba wa pili unakupa asilimia ya kile ambacho wachezaji wako wanapoteza, mwezi baada ya mwezi. Unavutia kwa sababu unaonekana wa kudumu. Hapa ndipo bonasi inaweza kukugeuka.

Uliza swali moja: bonasi inakatwa lini kwenye hesabu yangu? Inakatwa mara inapotolewa, au pale tu mchezaji anapoigeuza kuwa pesa halisi na kuitoa?

Tuchukue mfano. Mchezaji wako amepoteza dola 20 za mfukoni mwake. Mgawo wako ni asilimia 30, na kampuni inakata dola 4 za gharama za uendeshaji. Bila bonasi zinabaki dola 16, na wewe unapata dola 4.80. Kama bonasi ya dola 10 inakatwa mara tu inapotolewa, zinabaki dola 6, na wewe unapata dola 1.80. Ili bonasi ikufae, lazima ikuletee karibu wachezaji watatu pale ambapo bila bonasi ungempata mmoja.

Kuna pia hatari nyingine. Mchezaji mmoja akishinda pesa nyingi, hesabu yako inaingia chini ya sifuri. Mikataba mingine inafuta deni hilo mwisho wa mwezi. Mingine inalihamishia mwezi unaofuata, ukafanya kazi wiki nzima kulipa ushindi wa mtu. Usikubali mkataba unaohamisha deni.

Tena ujue unachouza. Kwa mgawo huu, wewe unapata pale tu ndugu yako anapopoteza. Kama orodha yako ya wateja ni majirani, wanafunzi wenzako wa UNILU na watu wa kanisani, hiyo ndiyo bei ya kweli ya kila dola utakayopokea.

Bonasi yenyewe ina thamani gani?

Mteja atakuuliza, na ni vizuri uwe na jibu la kweli. Bonasi ya kasino haitoki mpaka izungushwe. Sharti la kuzungusha mara 35 ni la kawaida. Bonasi ya dola 10 basi inadai dau za jumla ya dola 350. Kwenye mchezo unaorudisha asilimia 96, kuzungusha kiasi hicho kunakula dola 14 kwa wastani. Zawadi ya dola 10 inagharimu dola 14.

Sharti likiwa mara 10, dau ni dola 100 na hasara ya wastani ni dola 4. Hapo bonasi imebaki na faida kidogo. Nchini Uingereza, tangu tarehe 19 Januari 2026, sharti la zaidi ya mara 10 haliruhusiwi. Kwa hesabu hizi, ukilinganisha kampuni mbili, ile ya dola 10 kwa sharti la mara 10 ni bora kuliko ile ya dola 30 kwa mara 35, hata kama bango la pili linang'aa zaidi. Mteja aliyechezewa na masharti harudi, na haleti mwenzake.

Gharama zisizoandikwa kwenye bango

Mega za kutuma video kila siku. Pesa ya kuchajisha simu umeme wa SNEL ukikatika. Kiwango cha chini cha kutoa kamisheni: ukiwa na dola 22 na kiwango ni 30, pesa hizo si zako bado. Makato ya kuhamisha hadi M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na hasara ya kubadilisha dola kuwa franka kwa kiwango cha kampuni. Kampuni nyingine hulipa kwa sarafu za kidijitali pekee, na hapo lazima utafute mtu wa kukununulia, naye atakata chake.

Jina lililo kwenye akaunti lifanane na lile la kadi yako ya mpiga kura na la namba ya simu. Herufi moja ikitofautiana, malipo yanaweza kukwama.

Je, kazi hii inadumu?

Tazama nchi ya Kenya. Tarehe 29 Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na masharti yaliyofuata yakakataza watu maarufu na washawishi wa mitandaoni kuyafanya. Mitandao ya kijamii nayo huondoa matangazo ya kamari yasiyo na kibali. Kazi inayosimama juu ya ukurasa mmoja inaweza kuisha kwa usiku mmoja.

Uchague nini?

Kama una dola 50 tu, usizitie kwenye mabango, mega na video za promo. Kibanda cha uniti na pesa za simu kinalipa kamisheni ndogo, lakini unaiona kila siku, mtaji wako unabaki mkononi mwako, na mteja anaondoka na alichokilipia.

Kama huna mtaji na umeamua kutangaza, chukua malipo ya mara moja kwa kila mteja, usiguse mgawo wa hasara, na usitumie zaidi ya mega ambazo ungenunua hata hivyo. Tangaza kwa watu wazima tu, na waoneshe hesabu ile ya dola 14 kabla hawajaweka makuta yao.

Kabla ya kujiunga, iandikie kampuni maswali manne: bonasi inakatwa lini, deni linahamishwa au linafutwa, kiwango cha chini cha kutoa ni kipi, na malipo yanafika kwa njia gani. Isipokujibu kwa maandishi, achana nayo.