Vya Kale Katika Chumba cha Kayole

Wahenga walinena: tembea uone. Wengi wetu hutembea, lakini kuona ni kazi nyingine. Mtu hutoka Kayole akaenda hadi Lamu au Kisii, na anaporejea hana ila halua na picha alizopigwa ufuoni. Makala haya yananuia kueleza mambo mawili: namna ya kutafuta vyombo vya kale vya kupambia nyumba, na namna ya kurudi kutoka safarini na mawazo mapya ya mapambo bila kuacha pengo kule ulikotoka. Hilo la pengo ndilo zito zaidi, nami nitalifikia.

Pengine utauliza, "Mapambo na sisi watu wa Kayole, wapi na wapi?" Ni kweli kwamba wengi wetu twaishi katika chumba kimoja au viwili vya ploti. Chumba cha futi kumi kwa kumi hugawanywa kwa pazia. Huku kitanda, huku viti, na jiko pembeni. Lakini hebu piga hodi katika nyumba kumi. Utakuta vitambaa vya kufuma vimetandazwa juu ya viti, kalenda ukutani, na sufuria zilizosuguliwa zikang'aa kama kioo, zimepangwa kutoka kubwa hadi ndogo. Mama zetu ni wapambaji wa siku nyingi. Kinachokosekana si moyo, ni macho ya kutambua kilicho kizuri ambacho wengine wamekitupa.

Pa kutafuta

Mahali pa kwanza ni pale wanaponunua vyuma vikuukuu kwa kilo. Karibu kila mtaa wa Eastlands una mizani ya namna hiyo. Pasi ya makaa, kandili, taa ya karabai na sinia la shaba huangukia hapo, na usipoviwahi huenda kuyeyushwa. Muuzaji hana habari na historia ya chombo. Yeye hutazama uzito tu. Pa pili ni Gikomba, kwenye mbao na vyombo vya mitumba. Huko sharti ujidamke, kwa maana mali nzuri haingoji saa nne. Ukifika usiruke kwa furaha mbele ya mwenye mali. Uliza bei ya vitu viwili vitatu usivyovitaka, kisha useme kama mtu asiyejali, "Na hii je, boss?" Bei itakuwa na adabu.

Pa tatu ni ushago. Katika ghala ya nyanya au babu mna vibuyu, vinu, vyondo, vigoda vya miguu mitatu na redio za masanduku ya mbao. Hapa nakuomba utumie ulimi kabla ya mikono. Katika jamii zetu nyingi kigoda cha mzee si kiti tu. Ni heshima yake. Mwulize ni cha nani, kilichongwa na nani, na kama kinaweza kuondoka pale nyumbani. Akikataa, mshukuru na ukae naye akusimulie. Hadithi utakayopewa haihitaji kulipiwa nauli ya mzigo.

Namna ya kukagua

Si kila kilicho na vumbi ni cha kale. Wajanja hupaka mti mweupe rangi ya viatu wakauza kwa jina la mpingo. Kipindue kinyago na utazame chini ya kitako, mahali ambapo wapakaji hupasahau, kisha ukisugue kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo. Kitambaa kikichafuka kwa weusi, shtuka. Mpingo halisi ni mzito ajabu, hata kipande chake kikitiwa ndani ya maji huzama.

Shaba nayo ina mtihani wake. Beba kipande cha sumaku, hata kile cha spika iliyokufa. Sumaku ikinata, ujue ndani mna chuma na shaba ni koti tu. Kwa kiti au meza, tazama mahali palipolika. Kiti kilichokaliwa miaka mingi huchakaa penye mikono na penye miguu. Kikiwa kimekwaruzwa kila mahali sawasawa, huenda kimezeeshwa juzi kwa msasa. Mwisho, ukiona vitundu vinavyotoa unga mwepesi, wadudu bado wamo kazini, nawe usiwakaribishe karibu na kitanda chako. Na chupa au debe lililobeba dawa za shambani lisiwe chombo cha nyumbani, hata liwe na umbo zuri namna gani.

Safarini: beba wazo

Sasa twende safari. Mfano bora wa wazo lililosafiri umo jikoni mwenu. Lile jiko la makaa lenye udongo ndani na kiuno kilichobanwa halikuanzia hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wakenya walikwenda Thailand, wakaona jiko la huko lililofanana na ndoo, lenye udongo wa kufinyanga ndani yake. Hawakuleta shehena ya ndoo. Walileta wazo, wakaligeuza: udongo ukawekwa sehemu ya juu tu, mwili wa bati ukabanwa kiunoni, na mafundi wa jua kali wakaweza kulitengeneza kwa nyundo zao. Jiko hilo hula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Leo ni nani katika Kayole angeliita la kigeni?

Njia ile ile yaweza kutumika kwa mapambo. Nilipozuru Lamu likizo moja ya Desemba sikuwa na pesa za kununua chochote cha maana, ila nilikuwa na daftari na penseli. Nyumba za kale za huko zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, dari zikashikwa na boriti za mikoko. Katika kuta zake mna zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, ambamo huwekwa vyombo vya kauri na vitu vingine vya thamani. Mzee mmoja aliniona nikichora akacheka. "Mwanangu," akaniambia, "usichore shimo tu. Uliza shimo lafanya kazi gani." Nikatazama tena. Zidaka hazichukui hata shubiri moja ya sakafu. Vitu vyote vimepanda ukutani, na chokaa nyeupe huongeza mwanga katika chumba chenye madirisha madogo. Je, si hiyo ndiyo shida yetu ya ploti, nafasi na mwanga?

Niliporudi sikuchimba ukuta, maana mwenye ploti angenichimba mimi. Nilichukua masanduku sita ya mbao ya kubebea matunda, nikayapiga msasa, nikayafunga pamoja kwa misumari, matatu juu ya matatu, midomo ikitazama mbele, kisha nikayapaka rangi nyeupe. Pembezoni nikachora yungiyungi, ua linalopatikana sana katika michoro ya milango ya pwani. Sasa vitabu, vikombe na kandili ya Gikomba vina makao, na mama ananiambia chumba kimekua.

Kwa hiyo, ukiwa safarini, fanya haya. Omba ruhusa kabla ya kuchora au kupiga picha nyumba ya mtu. Pima kwa shubiri. Andika jina la chombo kama wenyeji wanavyokiita, na mahali ulipokiona. Uliza kinafanya kazi gani. Kisha jiulize: fundi wa mtaani kwetu anaweza kuunda kitu cha kazi hiyo kwa mbao au bati lililopo?

Usiache pengo

Kwa nini nasisitiza wazo badala ya chombo? Kwa sababu kuna vyombo ambavyo vikiondoka mahali pake hubaki jeraha. Chukua vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mti zilizochongwa kuwakumbuka wazee waliofariki. Kigango hakikusudiwi kung'olewa. Mnamo 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa pwani akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Baadaye vilionekana Marekani, kimoja katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton. Picha ile ndiyo iliyokuwa shahidi. Vilirudi kwa familia mwaka wa 2007, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Huko ng'ambo, aliyevitazama aliona pambo. Hapa nyumbani, watu walikuwa wamepokonywa ndugu zao mara ya pili.

Serikali nayo ina neno. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 hulinda vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, pamoja na milango na fremu za milango zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Havitolewi nchini bila kibali. Basi mtu akikunong'onezea kwamba ana mlango wa kale wa Lamu kwa bei ya kutupa, uliza kwanza ni nyumba gani iliyobaki wazi. Mji huo umo katika orodha ya Turathi za Dunia tangu 2001, na mji wa kale bila milango yake ni kinywa bila meno.

Mwenye kukosa nauli ya Lamu asikate tamaa. Panda matatu hadi mjini, uingie jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa kwenye barabara ya Moi. Humo mna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Murumbi alikusanya vitabu na sanaa za Afrika kwa miaka mingi, na mwaka wa 1972 yeye na Alan Donovan walianzisha African Heritage hapa Nairobi. Angeweza kuuza mkusanyo wake ughaibuni. Badala yake, sehemu kubwa ilibaki nchini, na leo mwanafunzi wa Kayole aweza kusimama mbele yake na daftari.

Wenzangu, chombo kilichotupwa kiokoeni, chombo chenye mwenyewe kiacheni, na wazo zuri lichukueni popote mlionapo, kwani mwenye nalo hapungukiwi. Nendeni na penseli.