Msumeno wa Meza kwa Mjenzi wa Ndege za Mfano: Unalipia Nini Hasa?

Nilipeleka ubao wa paini kwa fundi mmoja wa Keko, Dar es Salaam, nikamwomba anichanie vijiti vya milimita 6 kwa 6, urefu wa mita moja. Akautazama ubao, akanitazama mimi, akacheka. "Bosi, hizo si mbao, ni njiti za kibiriti. Nikisukuma hapa, vidole vyangu unaondoka navyo wewe." Sikuwa na la kubisha. Msumeno wake ni mota kubwa iliyofungwa chini ya meza ya chuma, diski ya inchi 12, na upenyo wa mezani inamopita diski ni mpana kiasi cha kumeza kijiti changu kizima. Nikarudi na ubao wangu kwapani, nikiwaza jambo ambalo kila anayejenga ndege za mfano kwa mbao hulifikia siku moja: ninunue msumeno wangu, na kama ndiyo, upi?

Wauzaji wa misumeno midogo wana hoja wanayoipenda, nayo ni mbao inayogeuka unga. Hesabu yake ni ya kweli. Chukua karatasi ya balsa yenye upana wa milimita 100, uichane vijiti vya milimita 3. Diski ya kawaida ya inchi 10 hula karibu milimita 3.2 kila inapopita, kwa hiyo utapata vijiti 16, na zaidi ya nusu ya mbao uliyoinunua utaifagia sakafuni. Diski nyembamba ya inchi 10, inayokula milimita 2.4, itakupa 18. Diski ndogo inayokula milimita 1 itakupa 25. Ukizingatia kwamba balsa nyingi ya dunia hutoka Ecuador, na kwamba bei yake ilipaa mwaka 2019 na 2020 pale watengenezaji wa mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo walipoigombania, vijiti tisa vya ziada si haba.

Lakini ngoja. Balsa haihitaji msumeno. Kisu kikali na rula ya chuma vinaichana bila kupoteza chochote, na karatasi ileile inatoa vijiti 33. Kuna kifaa kidogo cha mkono, kishikio chenye wembe na skrubu ya kupimia upana, ambacho nchi za nje huuzwa kwa dola 10 hadi 15, na kwa balsa isiyozidi milimita 5 hakuna mashine itakayokishinda. Mbao zinazodai msumeno kweli ni zile ngumu: paini ya mihimili ya bawa, mninga wa vibao vya kubebea injini, plaiwudi ya kukata miraba. Na hizo, hapa kwetu, ni rahisi. Paini ya Mafinga ipo kila uwanja wa mbao, na masalio ya mninga mafundi samani huyachoma moto. Mbao ambayo upotevu wake unauma haihitaji msumeno, na ile inayohitaji msumeno upotevu wake hauumi.

Kwa hiyo hoja ya unga iweke kando. Unachokilipia kwenye msumeno mdogo mzuri ni vitu viwili: ukingo wa kuongozea mbao usioyumba, na kijiti cha mwisho kinachofanana na cha kwanza.

Hili nilijifunza kwa pesa yangu. Msumeno wangu wa kwanza ulikuwa mmoja wa ile isiyo na jina inayoagizwa mtandaoni kwa dola 60 hadi 120: mota ndogo ya volti 24 ya aina inayoitwa 775, diski ya milimita 63, meza ya bati la alumini. Ulikata, sikatai. Ila ukingo wake ulifungwa kwa skrubu upande mmoja tu, na kila nilipoegemeza mbao, ncha ya mbali ilisogea kidogo. Mhimili wa bawa ukatoka milimita 6 mwanzoni na 5.3 mwishoni. Sikuona mezani. Niliona siku ya kuuvisha mbavu: za karibu na kiwiliwili zilikaza, za nchani zilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nilijaza gundi, bawa likawa zito upande mmoja, na ndege ile haikupata kuruka bila kulalia kushoto.

Ngazi inayofuata ni Proxxon KS 230 ya Wajerumani: wati 85, diski ya milimita 58, kina cha kukata milimita 8 tu. Nje huuzwa kwa kiasi cha dola 150, kupanda na kushuka kulingana na duka. Kwa anayejenga ndege za chumbani au za mpira wa kusokota, mihimili yake myembamba yote inaingia humo. Kwa mwenye ndege ya injini yenye bawa la mita moja na nusu, milimita 8 zitamkwamisha kabla hajamaliza ndege ya kwanza. Tena diski yake hailali, husimama wima tu. Ukingo wa nyuma wa bawa, ule wenye umbo la kabari, hutauchana kwa mlalo.

Anayeuweza mlalo huo ni kaka yake, Proxxon FET. Wati 200, mizunguko 7,000 kwa dakika, diski ya milimita 80, kina cha milimita 22, meza ya milimita 300 kwa 300, uzito wa kilo 6 hivi. Unaubeba kwa mkono mmoja na kuuhifadhi chini ya kitanda, jambo ambalo si dogo kwa tunaoishi ghorofani. Bei yake huzunguka dola 500. Ongeza nauli ya mzigo, na ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania au 16 kwa Kenya. Hapo mwenzako ndani ya nyumba atataka maelezo.

Wajenzi wa meli za mfano watakuambia habari za Byrnes, msumeno wa inchi 4 kutoka Florida, wenye ukingo unaosifiwa kuliko yote. Sifa zake nazikubali. Lakini fikiria umeme kabla ya sifa. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, na ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 utanusa moshi. Proxxon wenyewe wanakusaidia kwa majina: KS 230 ni ya huku na Ulaya, ndugu yake wa Marekani anaitwa KS 115. Transfoma ipo, ila ni chuma kizito kingine cha kulipia nauli. Zile Dremel za zamani za inchi 4 zinazouzwa kwa mitumba Marekani kwa bei ya kutupa zina mtego huohuo.

Na msumeno mkubwa wa inchi 10, kama DeWalt DWE7491? Dola 600 hivi nje, nguvu tele, na unaweza kukutengenezea kitanda siku ndege zikikuchosha. Faida yake kubwa kwetu haipo kwenye karatasi ya sifa: diski zake Kariakoo ziko nje nje. Diski ya milimita 80 yenye tundu la milimita 10 sijapata kuiona dukani hapa hata siku moja, na ikiisha makali unasubiri mzigo wa nje. Lakini kuchana kijiti cha milimita 5 kati ya diski ile na ukingo ni kazi ya kuomba dua kwanza. Kijiti kikibanwa, kinarushwa nyuma kama mshale. Ukilazimika, funika upenyo wa meza kwa plaiwudi nyembamba na uiinue diski ikiwa inazunguka mpaka ijichimbie njia yake yenyewe, tumia kijiti cha kusukumia, na kaa pembeni, usikae nyuma ya mbao.

Ukiukuta msumeno mdogo wa mtumba, usiutazame rangi. Uchomoe kwenye umeme, ishike diski kwa vidole, itikise: ikicheza kushoto na kulia, beringi zimekwisha. Kisha chana vijiti viwili, kimoja kigeuze mwanzo kuwa mwisho, vilaze ubavu kwa ubavu kwenye rula, upitishe kidole juu yake. Ukihisi ngazi, ukingo unayumba. Uliza pia diski zilizopo. Ile ya meno 80 hukata laini ikikatiza nyuzi za mbao, lakini ukichana nayo paini kwa urefu itaunguza mpaka chumba kinuke. Ya kuchania iwe na meno machache.

Anayejenga ndege moja kwa mwaka, mimi namshauri kisu, rula, na fundi mwenye randa anayeweza kumpunguzia ubao hadi unene wa milimita 6. Vijiti atavichana mwenyewe kwa msumeno wa mkono wenye meno madogo. Anayejenga tatu na kuendelea, FET, hata kama ni ya mtumba. KS 230 ni ya mwenye ndege nyepesi peke yake. Ile isiyo na jina siwezi kumshauri mtu, ingawa mota ya ule wangu sasa inazungusha kipulizo cha vumbi, na inafanya vizuri.

Mimi nimeipata FET iliyotumika, na diski iliyokuja nayo imebakiza msimu mmoja. Shemeji yangu anakuja Desemba kutoka Hamburg. Nimeshamwandikia mara mbili: diski mbili, milimita 80, tundu milimita 10, moja iwe na meno machache.