Mtoto akiugua, kanisa limfuate nyumbani
Mzazi anayeuguza mtoto kwa muda mrefu huona aibu kwamba siku hizi haonekani kanisani. Aibu ya nini? Ekklesia, neno la Kigiriki linalotafsiriwa kanisa katika Agano Jipya, ni kusanyiko la watu, si jengo. Katika Waraka kwa Warumi, Paulo analisalimu kanisa lililokutana nyumbani kwa Priska na Akila. Yakobo naye anamwambia mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Wao ndio watembee.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976, kwa hiyo kanisa hilo ni majirani wa mtaani. Wapigiwe simu. Mwenye mafua abaki kwake, wengine wanawe mikono, na dawa za hospitali zisikatizwe.