Utoto wa Isongole: nani aliyebeba maji?

Ndugu msomaji, bila shaka nawe umepata kukaa barazani jioni ya Jumapili, watoto wamekuzunguka, ukaanza kuwasimulia jinsi maisha yalivyokuwa matamu huko ulikozaliwa. Sisi wafanyakazi wa mjini ndivyo tulivyo. Bei ya unga ikipanda, bomba likikauka, basi la kwenda kazini likijaa hata mlangoni, roho hurudi kijijini upesi bila nauli.

Yangu hurudi Isongole, Wilaya ya Ileje, mpakani kabisa na Malawi. Siku hizo tulikuwa Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe umekuja kuzaliwa mwaka 2016. Mbele yetu ulikuwa Mto Songwe, na ng'ambo yake nchi ya Chitipa. Waingereza na Wajerumani walipogawana ardhi isiyokuwa yao mwaka 1890, waliufanya mto huo kuwa mpaka, wala hawakujali kwamba Walambya walikuwa wakiishi kwenye kingo zote mbili. Kwetu watoto mpaka ulikuwa mahali pa kuogea. Hata katika miaka ambayo serikali yetu na ile ya Dk. Banda hazikupikika chungu kimoja, msiba ukitokea upande mmoja, vilio vilisikika upande wa pili, na watu walivuka.

Laiti ungeziona asubuhi zetu za Juni! Ukungu unalala bondeni kama maziwa ndani ya kibuyu, baridi inauma vidole, nasi wavulana tunatoka na mbuzi, kila mmoja ana kiporo cha ndizi na maharage tumboni. Jua likipanda tulichoma mahindi, tukawinda panya wa mashambani, tukafinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu kuliko miili yao. Usiku tuliota moto jikoni, bibi akasema "Kitendawili!", nasi tukajibu "Tega!" kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Malawi. Nilikuwa nikisinzia kabla ya kupewa mji, na asubuhi nilijikuta nimefunikwa blanketi.

Kisa nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha mbuzi. Ulikuwa mwaka 1973. Mimi na wenzangu tuliwaacha mbuzi malishoni tukaenda kuoga mtoni. Tuliporudi tuliwakuta ndani ya shamba la maharage la mzee mmoja jirani, mzee mkali, mwenye fimbo ya mwanzi. Wamekula mstari baada ya mstari, na beberu wetu amesimama katikati kama bwana shamba anayekagua. Nilikimbia nikajificha ghalani hadi usiku. La ajabu ni kwamba sikuchapwa. Yule mzee hakuja kushtaki, na baba hakuniuliza neno. Kwa miaka zaidi ya arobaini nilisimulia kisa hicho kwenye harusi na kazini, nikiwaambia watu kwamba mizimu ya Isongole ilinipenda.

Miaka michache iliyopita dada yangu mkubwa alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho, akakaa kwetu mwezi mzima. Jumapili moja watoto waliniomba kisa cha mbuzi, nami nikakitoa chote, pamoja na sauti ya beberu. Watoto walicheka. Dada naye alicheka, akafuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akasema taratibu:

"Mdogo wangu, yule mzee alikuja. Alikuja usiku ule ule, wewe umelala. Mama alimsihi asiseme kwa baba. Nikaenda mimi kumlimia siku tatu."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba nilikuwa mtoto. Ndugu msomaji, yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitatu!

Usiku ule sikupata usingizi. Nilianza kukipitia tena kila kitu kitamu nilichokuwa nikikisimulia, nikiuliza nani alikuwa nyuma yake. Kiporo cha asubuhi: nani alikipika? Uji wa ulezi: nani alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia wakati majogoo yakiwika? Lile blanketi je? Na maji! Katika kumbukumbu zangu zote za Isongole mtungi umejaa. Sikumbuki hata siku moja kuukuta mtupu, wala sikumbuki kwenda kuujaza. Dada alikuwa akishuka bondeni mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, na njia ya kurudi yote ni kilima. Mwaka ule ule wa mbuzi mama alijifungua mapacha, na dada akaondolewa shule akiwa darasa la nne ili asaidie kazi. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, yeye alikuwa ameshaolewa, ana mtoto mgongoni.

Wala si kwamba jambo hili lilikuwa siri. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine ye yote nchini, saa 12 au hata 14 kwa siku, na kwamba wanaume wa huko huwa likizoni nusu ya maisha yao. Mwaka 1971 Taifa lilijiwekea shabaha kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi karibu na nyumba yake, umbali usiozidi mita 400. Shabaha hiyo haikufikiwa kwa wakati uliopangwa. Shuleni tulikariri Azimio hilo kwa sauti, mimi na wavulana wenzangu, kisha tukarudi nyumbani kunywa maji ya mtungini.

Mwaka 1979 nilichaguliwa kwenda sekondari. Nilipanda lori mpaka Tunduma, na hapo nikapanda treni ya TAZARA, reli ambayo ilikuwa bado mpya. Nilikuwa na sanduku la bati, shuka mbili na viatu. Nilikuwa nikisema "baba alininunulia". Nilipomwuliza dada, alinijibu kwamba fedha zilitokana na pombe ya ulezi, waliyoipika yeye na mama kwa wiki tatu na kuiuza siku za gulio.

Je, wewe msomaji umepata kumwuliza dada yako, au mama yako kama bado yu hai, utoto wako ulikuwaje? Usimsimulie wewe. Mwulize, kisha unyamaze.

Desemba iliyofuata nilikwenda nyumbani. Siku hizi safari ni rahisi. Kutoka Mpemba, karibu na Tunduma, hadi Isongole ni kama kilometa 50 za lami. Nilimwomba dada anionyeshe njia ile ya maji. Alidhani natania, lakini alitwaa kata na ndoo mbili tukashuka. Njia niliyokuwa nikiiona fupi katika ndoto zangu ilinichukua karibu nusu saa. Alinitwika ndoo juu ya kata, akaniambia nitazame mbele, nisitazame miguu. Hatua kumi, maji yakaanza kunimwagikia shingoni. Wanawake waliokuwa wakifua pale mtoni waliacha kazi wakanitazama mzee mzima, mwenye shati la mikono mirefu, nimelowa mpaka kwenye mkanda.

Nilipofika mti wa kwanza nilitua. Dada alikuwa ameshatangulia, ndoo yake kichwani, mikono ameiachia, akiongea na jirani aliye ng'ambo ya shamba la mahindi. Aligeuka mara moja tu.

"Njoo polepole," akasema. "Ikibaki nusu si neno, hiyo ni ya kuoshea vyombo."