Fimbo za gofu: Bei ya mtandaoni si bei kamili

MCHEZAJI wa gofu anayeanza huvutiwa na bei nafuu za fimbo mtandaoni. Hata hivyo, aghalabu bei hiyo haijumuishi usafirishaji, ushuru wa forodha wala VAT ya asilimia 16 inayotozwa bidhaa ziingiapo Kenya.

Mkufunzi wa kulipwa klabuni humpima mteja kwanza: kimo, urefu wa mikono na kasi ya kupiga. Kwa atumiaye mkono wa kulia, mpini mgumu kupita kasi yake aghalabu huupeleka mpira kulia. Wengi hudhani kosa ni lao, wakalipia mafunzo yasiyowafaa kitu.

Isitoshe, fimbo bandia zimetapakaa mitandaoni. Sheria huruhusu fimbo 14 mkobani. Nusu yake humtosha anayeanza. Ajuaye vipimo vyake, naam, aagize, mradi muuzaji ameidhinishwa na kampuni inayozitengeneza.