Maombi ya pamoja: Pumzi ya kanisa na ngao ya mnyonge

UKRISTO unamtaka kila muumini amjue Mungu wake binafsi, lakini haujawahi kuwa dini ya mtu aliyejitenga. Tangu enzi za mitume, wafuasi wake wamefunzwa kusali faraghani na papo hapo wakahimizwa wasiache kukutana. Ndiyo maana swali moja limekuwa likiulizwa karne nenda karne rudi: iwapo Mungu humsikia aliyejifungia chumbani mwake, kuna haja gani ya kufunga safari kila Jumapili ili kusali na halaiki ya watu?

Nchini Kenya, ambako sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takribani asilimia 85 ya wananchi ni Wakristo, swali hilo lilipata uzito mpya Machi 2020. Serikali ilisimamisha mikutano yote ya ibada ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa Covid-19. Milango ilipofunguliwa tena Julai mwaka huo, waumini waliruhusiwa kukutana wasiozidi 100, kwa muda usiozidi saa moja. Watoto wa chini ya umri wa miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani.

Katika kipindi hicho, familia nyingi zilizoea kufuata ibada kwenye redio, runinga na simu. Vikwazo viliondolewa baadaye, ila mazoea hayakuondoka yote. Wapo waumini waliohitimisha kwamba mahubiri mazuri yanapatikana popote, na kwamba kwenda kanisani ni jambo la hiari tu. Hitimisho hilo lina kasoro. Mahubiri husikilizwa, nayo maombi ya pamoja hufanywa. Anayetazama wengine wakisali hajawa mmoja wao.

Mafundisho ya Biblia

Msingi wa jambo hili unapatikana katika Sala ya Bwana, ambayo Wakristo wa madhehebu yote huikariri. Kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, sala hiyo inatumia nafsi ya wingi. Hakuna mahali anapotajwa mtu mmoja anayejiombea mkate wake au msamaha wake. Maana yake ni kwamba anayeomba riziki akiwa ameshiba, anamwombea pia jirani aliyelala njaa. Naye aliye na njaa anaombewa na wengi hata asipokuwa na nguvu za kufungua kinywa.

Ni kweli kwamba katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu aliwashauri wanafunzi wake waingie chumbani na kufunga mlango wanapoomba. Hata hivyo, onyo hilo liliwalenga wanafiki waliopenda kusimama njiani ili wasifiwe. Katika sura ya 18 ya Injili hiyo hiyo, anaahidi kuwa pamoja na wawili au watatu wanaokusanyika kwa jina lake, na anayapa uzito maombi ya watu waliopatana. Sala ya chumbani na sala ya kanisani hazishindani. Ya kwanza humpa mtu kina, na ya pili humzuia asiifanye imani kuwa mali yake binafsi.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatoa mfano ulio wazi katika sura ya 12. Petro alipotiwa gerezani na Mfalme Herode, kanisa halikuwa na wakili, silaha wala jamaa katika ikulu. Lilikuwa na nyumba ya Mariamu, mama yake Yohane Marko, ambamo watu wengi walikesha wakimwombea. Petro alipofunguliwa na kubisha hodi, kijakazi aitwaye Roda alikimbia kuwapasha habari, nao hawakumsadiki. Kisa hicho kinafundisha kwamba wanaoomba pamoja si lazima wawe mashujaa wa imani. Wanaweza kuwa watu wenye hofu na shaka, mradi wasiachane.

Historia ya kukutana kwa gharama

Karibu mwaka wa 155, Justin Martyr, mwanafalsafa Mkristo aliyeishi Roma, alimwandikia mfalme wa dola hiyo utetezi kuhusu imani yake. Alieleza kwamba siku ya Jumapili waumini wa mjini na wa mashambani walikusanyika mahali pamoja, maandiko yakasomwa, kiongozi akatoa mawaidha, kisha wote wakasimama na kuomba. Baada ya hapo mkate na divai vililetwa, kiongozi akashukuru, na watu wakaitikia Amina. Wenye uwezo walitoa walichokuwa nacho, na mchango huo ukatumiwa kuwasaidia mayatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Mpangilio huo unastahili kuzingatiwa. Miongo mingi kabla ya Ukristo kuwa na majengo makubwa, maombi ya pamoja na msaada kwa maskini vilikuwa sehemu ya mkutano mmoja. Aliyemsikia mjane akitajwa katika sala hakuweza kwa urahisi kumpita mlangoni.

Bara la Afrika nalo lina ushuhuda wake. Mwaka wa 304, wakati wa mateso ya Mfalme Diocletian, kundi la Wakristo 49 kutoka Abitinae, katika nchi inayojulikana leo kama Tunisia, lilikamatwa kwa kosa la kukusanyika siku ya Bwana. Walipohojiwa mjini Carthage kwa nini walikaidi amri, walijibu kwamba bila mkutano huo hawangeweza kuishi. Waliuawa kwa sababu hiyo. Watu hao wangeweza kusali kimyakimya nyumbani na hakuna askari ambaye angejua. Walichokataa kuacha ni kusali pamoja.

Suala la lugha pia limechangia pakubwa. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, Mtume Paulo anahoji ni vipi mtu ataitikia Amina kwa sala asiyoielewa. Ni hoja hiyo iliyompa msukumo Askofu Mkuu Thomas Cranmer wa Uingereza alipotayarisha kitabu cha sala za wote mwaka wa 1549 katika lugha ya wananchi badala ya Kilatini. Kanisa Katoliki lilifikia uamuzi unaofanana na huo katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake kuhusu liturujia, iliyotolewa Desemba 4, 1963, iliruhusu lugha za wenyeji kutumiwa zaidi na ikarejesha maombi ya waumini katika Misa. Tangu hapo, Mkristo wa Machakos au Kisumu ameweza kuomba katika lugha anayoifahamu, na Amina yake ikawa na maana.

Sura ya Kenya

Katika Afrika Mashariki, maombi ya pamoja hayakubaki mikononi mwa makasisi. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya mwaka wa 1937, uliwakutanisha wakulima, walimu na wake kwa waume katika vikundi vya ushirika ambamo walitubu hadharani, wakaombeana na kuitana ndugu bila kujali kabila. Wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo na vilevile wakakataa kushika bunduki kwa upande wa wakoloni. Baadhi yao waliuawa. Uthabiti huo haukuchipuka siku moja. Ulilelewa katika mikutano midogo ya kila wiki.

Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa AMECEA, chombo kinachounganisha mabaraza ya maaskofu wa ukanda huu, walikubaliana katika mikutano yao ya Nairobi ya 1973 na 1976 kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Katika jumuiya hizo, majirani hukutana nyumbani kwa zamu, wakasoma Injili, wakaombea mahitaji yanayotajwa na kila mmoja, kisha wakapanga nani atamtembelea mgonjwa na nani atasaidia kuandaa mazishi. Katika mtaa ambao wapangaji hawafahamiani, huenda huo ukawa mkutano wa pekee ambapo jina la mtu linajulikana.

Kanisa la Kianglikana la Kenya nalo, katika ibada ya Ushirika Mtakatifu iliyochapishwa mwaka wa 1989 na kuingizwa baadaye katika kitabu cha ibada cha 2002, lilibuni baraka za mwisho zinazotokana na desturi ya maombi ya jamii ya Waturkana. Kiongozi anapotaja shida na matatizo ya watu, waumini wote huitikia huku wakipunga mikono kuelekea msalabani, kana kwamba wanayatupa huko. Tendo hilo halina ladha likifanywa na mtu mmoja sebuleni. Nguvu yake ni kwamba aliyefiwa, aliyefutwa kazi na aliyefaulu mtihani wanainua mikono kwa wakati mmoja.

Kinachofanyika watu wanapoomba pamoja

Wachunguzi wa mambo ya jamii nao wana la kusema. Mwaka wa 2010, Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha utafiti uliofanywa Marekani ulioonyesha kwamba wanaohudhuria ibada mara kwa mara huridhika zaidi na maisha, hasa wanapokuwa na marafiki katika usharika wao. Waliohudhuria bila kuwa na rafiki hata mmoja humo hawakupata manufaa hayo. Utafiti mwingine wa 2013 kutoka Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, ulibaini kwamba watu wanapoimba pamoja, mapigo ya mioyo yao huelekea kwenda kasi na kupungua kwa pamoja.

Matokeo hayo hayathibitishi wala kukanusha kwamba Mungu hujibu sala, kwa kuwa hilo ni suala la imani. Yanachodhihirisha ni kwamba maombi ya pamoja hufanya kazi pale tu watu wanapofahamiana. Kanisa lenye waumini elfu tatu wanaotoka bila kusalimiana linaweza kuwa na upweke kuliko chumba chenye watu sita.

Zaidi ya hayo, maombi ya pamoja hufichua mahitaji. Mama ambaye mwanawe amefukuzwa shule kwa kukosa karo anaweza kuona haya kuomba msaada, lakini si vigumu sana kwake kuomba aombewe. Usharika unaosikiliza hupata habari ambazo hazingefika katika ofisi ya kasisi. Aidha, mtoto hujifunza kusali kwa kuwasikia wakubwa, jinsi anavyojifunza kuongea. Naye mtu ambaye imani yake imelegea hubebwa na sauti za wenzake hadi atakapopata yake.

Vilevile maombi hayo hulazimisha upatanisho. Mathayo, sura ya 5, inamtaka mwenye kuleta sadaka aiache madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake. Ni rahisi kumwombea mabaya jirani ukiwa peke yako. Ni vigumu kufanya hivyo akiwa ameketi nawe kwenye benchi moja.

Tahadhari

Hata hivyo, si kila mkusanyiko wenye jina la maombi unaofaa. Mwaka wa 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako wafuasi wa kundi moja la kidini walidaiwa kushawishiwa wafunge hadi kufa. Watu hao walikuwa pamoja kimwili, ila walikuwa wametengwa na jamaa, shule, hospitali na waumini wengine ambao wangehoji mafunzo waliyopewa.

Somo lililopo ni kwamba maombi ya pamoja hulinda iwapo milango iko wazi na sauti ni nyingi. Pale mtu mmoja anapodai kwamba sala yake pekee ndiyo inayosikika, au anapoitoza ada, huo si usharika tena. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unawaagiza waumini waombeane wao kwa wao, na unawataja wazee wa kanisa kwa wingi. Mamlaka ya kuombea wagonjwa hayakukabidhiwa mtu mmoja.

Hatari ya pili ni ya kuigeuza sala kuwa jukwaa. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia waumini wakati wa ibada. Alisema wanakaribishwa kuabudu kama watu wengine. Uamuzi huo ulikumbusha kwamba mbele ya madhabahu hakuna mheshimiwa. Kiongozi na mchuuzi wote huitikia Amina moja.

Viongozi wa makanisa wanaotaka waumini warejee hawana budi kutafakari hili. Ibada ambayo watu wachache huongea kwenye kipaza sauti tangu mwanzo hadi mwisho haitofautiani sana na ile inayotazamwa kwenye simu, na muumini hatalaumiwa akichagua iliyo rahisi. Kinyume chake, dakika kumi za kutaja wagonjwa kwa majina, kuwaalika waumini wa kawaida waongoze sala na kuwatembelea wasioweza kufika, humpa mtu sababu ya kuja ambayo simu haina.

Teknolojia itaendelea kuwafaa wagonjwa, wazee na walio mbali, na si busara kuibeza. Lakini wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Siku ya msiba, anayehitajika ni jirani atakayeingia, aketi kwenye mkeka na kuanza sala ambayo aliyefiwa hana nguvu ya kuianza. Jirani wa namna hiyo hupatikana mapema, Jumapili baada ya Jumapili, katika mkutano ambao wengi hudhani wanaweza kuukosa bila hasara.